Mlingoti unaokatika: kuoanisha michoro na skrini kwa GLFW

Natengeneza gemu ya mashua za tanga zinazokwenda Ukerewe. Siku niliyowaonyesha vijana wa Kirumba toleo la kwanza, mashua iliposhika kasi mlingoti ukaonekana umekatika: kipande cha juu kimebaki nyuma, cha chini kimetangulia.

Mchoro wenyewe ulikuwa mzima. Skrini ya Hz 60 hujaza picha mstari kwa mstari, juu kwenda chini, mara 60 kwa sekunde. Programu ikibadilisha picha katikati ya safari hiyo, juu inabaki ya zamani, chini inaingia mpya. Tiba yake kwa lugha ya C na GLFW (maktaba ya kufungua dirisha la kuchorea) ni hii.

Hatua ya 1. Fungua dirisha kama kawaida. GLFW hukupa bafa mbili, yaani sehemu mbili za kumbukumbu za kuweka picha: moja inaonekana, nyingine unaichora bila mtu kuiona.

Hatua ya 2. Omba kuingoja skrini:

glfwMakeContextCurrent(dirisha);
glfwSwapInterval(1);

Usipindue mpangilio huo; mstari wa pili ukitangulia unaleta kosa. Mwisho wa kila mzunguko ita glfwSwapBuffers(dirisha), inayobadilishana bafa hizo mbili. Kama uliweka usleep (amri ya kusimamisha programu kwa muda) ya kukadiria fremu, yaani picha kamili, 60 kwa sekunde, ifute kabisa, maana haijui skrini imefika mstari gani.

Hatua ya 3. Pima muda wa kuchora fremu moja. Hapa wengi hukwama. Fikiria kivuko cha Kamanga: ukikuta kimeshang'oa, hata kama umechelewa dakika moja, unangoja kinachofuata. Kwa Hz 60 una milisekunde 16.7. Ukitumia 18 kila mara, na bafa ni mbili tu, picha inangoja zamu ya pili, yaani milisekunde 33.3, na gemu inashuka hadi fremu 30. Mimi nilipunguza pembetatu zinazounda mawimbi ya ziwa. Ni afadhali maji yawe sahili kuliko mashua iende kwa kushtukashtuka.

Hatua ya 4. Hesabu mwendo kwa sekunde. Nilikuwa nimeandika x += 4 kila fremu, na kwenye skrini ya Hz 120 mashua ikakimbia maradufu. Andika hivi:

double sasa = glfwGetTime();
x += 240.0 * (sasa - awali);
awali = sasa;

Kabla ya kuanza mzunguko, weka awali = glfwGetTime().

Hatua ya 5. Jaribu kwa glfwSwapInterval(0), yaani bila kuingoja skrini, kisha 1. Mashua ifike gati kwa muda uleule mara zote mbili. Ukiweka 1 na bado fremu zinapita Hz za skrini, angalia mipangilio ya draiva (programu inayoendesha kadi) ya kadi ya grafiki: inaweza kupuuza ombi lako.