Klabu ya Uwindaji Kwenye Msitu wa Kukodi: Mambo ya Kuzingatia Kabla Kampuni ya Mbao Haijauza

Kusini mwa Marekani, kuanzia Georgia hadi Mississippi, kulungu wengi huwindwa kwenye ardhi ya watu. Kampuni za mbao hupanda misonobari, na klabu hukodi haki ya kuwinda humo kwa bei ya ekari kwa mwaka. Wanachama wanazeeka humo, watoto wao wanafundishwa bunduki humo, na mwisho kila mtu anasema "msitu wetu". Kumbe mwenye msitu ni mwingine. Mwaka 2006 kampuni ya karatasi na mbao ya International Paper ilitangaza kuuza zaidi ya ekari milioni 5, nyingi zikiwa katika majimbo ya kusini. Aliyezoea vitalu vya uwindaji vya Tanzania, vinavyogawiwa na serikali, aelewe kwamba huku ardhi ni mali binafsi, na mwenyewe hahitaji ruhusa ya mwindaji ili aiuze.

Jambo la kwanza ni mkataba, na usomwe kabla ya kulipa kodi ya mwaka. Mingi ina kifungu kinachompa mwenye ardhi uwezo wa kuusitisha akiuza, mara nyingi kwa notisi ya siku 30. Siku hizo zikianza kuhesabiwa Agosti, mmekwisha: Georgia msimu wa kuwinda kwa upinde hufunguliwa Septemba, Alabama Oktoba, na ardhi nzuri ya jirani imeshachukuliwa na wengine. Kwa hiyo ombeni mambo mawili kwa maandishi: kwamba ardhi ikiuzwa mtaruhusiwa kumaliza msimu, na kwamba mkiondolewa mapema mtarudishiwa kodi ya miezi iliyobaki. Kampuni kubwa hutumia fomu moja kwa wapangaji wote na huenda ikakataa. Hata hivyo ombeni, maana mwenye shamba dogo mara nyingi hukubali. Haki ya kuwa wa kwanza kuuziwa ni nzuri, lakini msiitegemee sana. Msitu unapouzwa kwa maelfu ya ekari kwa mkupuo, klabu ya watu 15 haina mfuko wa kushindana.

Pili, mjueni mwenye ardhi ni wa aina gani. Sehemu kubwa ya misitu ya huko iliyokuwa ya kampuni za mbao leo inamilikiwa na mifuko ya uwekezaji inayosimamia fedha za watu wengine, na mfuko wa namna hiyo kwa kawaida hukaa na ardhi miaka 10 hadi 15, kisha huuza ili wawekezaji walipwe. Tarehe ya ununuzi iko kwenye hati, na hati ni wazi kwa umma: Georgia huwekwa kwa karani wa mahakama ya juu ya kaunti, Alabama kwenye ofisi ya jaji wa mirathi. Mfuko ulionunua miaka 12 iliyopita unakaribia kuuza, hata kama meneja wa msitu hajasema neno.

Msitu wenyewe nao hutoa dalili. Tazameni lango. Kwenye mnyororo wake huning'inia kufuli kadhaa zilizoshikana moja kwa nyingine: ya kampuni, ya wakata magogo, ya klabu. Ikitokea kufuli mpya, ulizeni ni ya nani. Utepe wa rangi kali uliofungwa kwenye miti mahali pasipo na mpaka huenda maana yake wapimaji wamepita, na ardhi inayopimwa upya huenda inakatwa vipande. Hapo ndipo hatari ilipo. Ikinunuliwa na kampuni nyingine ya mbao, mara nyingi mkataba huendelea, pengine kwa bei ya juu. Ikikatwa viwanja vya nyumba au ikawekwa paneli za sola, uwindaji umekwisha.

Sasa vifaa. Dungu la kuvizia lililojengwa kwa mbao nzito juu ya nguzo halihamishiki ndani ya siku 30, na muda ukipita mikataba mingi hulihesabu kuwa mali ya mwenye ardhi. Afadhali madungu ya chuma yanayofunguliwa kwa spana, na yale ya ngazi yanayofungwa mtini yafunguliwe mikanda kila mwaka ili mti usiyameze. Kambini tumieni trela yenye matairi yanayozunguka kweli. Wekeni orodha ya kila kitu pamoja na jina la aliyekinunua. Ugomvi wa mali umevunja klabu ambazo zingeweza kuhamia mahali pengine pamoja.

Fedha ziwe kwenye akaunti ya klabu, isiwe ya mwenyekiti, na akiba itoshe walau kulipia malipo ya awali ya ardhi nyingine. Katiba ya klabu iseme mapema nani anarudishiwa ada na kiasi gani. Hifadhi za uwindaji za majimbo ni kimbilio, lakini baadhi yake zimekodiwa kutoka kwa kampuni hizohizo za mbao. Misitu ya taifa, kama Talladega ya Alabama, ni salama zaidi kwa hilo.

Siku mauzo yakithibitishwa, mwandikieni mmiliki mpya wiki hiyohiyo. Ambatisheni nakala ya mkataba, ramani ya mipaka mnayoitunza, picha za barabara mlizokarabati, na cheti cha bima ya dhima (ya kulipa madai mtu akiumia) kilichobadilishwa kuwa na jina lake. Kisha mwombeni mkutane hapo langoni, kabla hajapata mpangaji mwingine.