Somo: Prado au V8 kwa familia ya Mwanza? Shika futi kamba kwanza

Wadau, swali hili halikauki: familia ya watu sita au saba, makazi Mwanza, likizo ni Sengerema, Ukerewe au Tarime. Wachukue Prado au V8? Hapa V8 ni ile Toyota Land Cruiser 200 (2007 hadi 2021), na Prado ni 150, iliyoanza kutoka 2009. Wengi wanasema V8 "iko juu zaidi". Si kweli. Kutoka ardhini hadi tumbo la gari zote mbili zinacheza kwenye sentimita 22, na hata kukata kona zimekaribiana sana. Zinapoachana ni kwenye upana na uzito, na hapo ndipo pa kuamulia.

Hatua ya 1: Chora gari kwenye uwanja wako

Prado ya 2009 hadi 2017 ina urefu wa mita 4.76 na upana wa mita 1.885; za baadaye ni ndefu kidogo. V8 ni 4.95 kwa 1.97. Ukisoma unaona tofauti ndogo, kwa hiyo usisome, chora. Chukua kamba na vigingi vinne, weka umbo la kila gari pale unapoegesha, kisha zunguka kama unayefungua milango. Acha sentimita 60 kila ubavu kwa mtu kushuka, na kwenye geti ongeza sentimita 25 hivi kwa jumla za vioo vya pembeni. Geti lipime likiwa wazi, kwenye wembamba wake wa mwisho, maana mabawa yakishafunguka nayo yanakula nafasi.

Isamilo, Bugando na Mabatini nyumba nyingi zimebanwa na mawe. Ukuta unaweza kuuvunja, jiwe la Mwanza utalizunguka tu.

Nyuma nako pima. Mlango wa Prado unafunguka kwa ubavu kama wa chumbani; ukirudi kinyumenyume hadi ukutani, haufunguki. Wa V8 umekatwa vipande viwili: cha juu kinapanda, cha chini kinalala kama benchi. Kupakia magunia ya mchele kutoka Magu, kile cha chini ni raha.

Hatua ya 2: Kaa siti ya tatu wewe mwenyewe

Usimtume mtoto, kaa wewe, dakika kumi. Siti ya tatu ya gari zote mbili sakafu yake iko juu, magoti yanapanda kifuani. Ni ya watoto, au ya mtu mzima anayekwenda Igoma na kurudi. Usimpangie bibi safari ya Bukoba pale.

Sasa jambo ambalo madalali hawasemi. Siti za nyuma za Prado 150 zinalala ndani ya sakafu na buti linabaki tambarare. Za V8 zinakunjwa na kuning'inizwa ubavuni, kushoto na kulia, zinakula upana wa mzigo. Kwa hiyo mkiwa watano na mabegi, Prado inaweza kupakia kwa urahisi kuliko V8, isipokuwa uzifungue siti zile uziache nyumbani. Angalia pia kama Prado unayoonyeshwa ina siti saba kweli, maana za siti tano zipo nyingi.

V8 inashinda siti ya kati. Watu wazima watatu wanakaa bila kubanana mabega. Kama kila wiki unabeba watatu wa aina hiyo, hiyo ndiyo sababu halali ya kununua V8. Sababu nyingine halali ni kuvuta boti kwenye trela.

Hatua ya 3: Linganisha injini na mzigo

V8 inaizidi Prado kama kilo 400 hadi 500. Uzito huo unalipiwa kila siku kwenye breki, bushi na mafuta. Matumizi ya kawaida, mjini na safari vikichanganywa:

- Prado 2.7 petroli: kilomita 7 hadi 8 kwa lita
- Prado 4.0 petroli: 6 hadi 7
- V8 4.6 petroli: 5 hadi 6

Ile 2.7 ni imara na ina cheni badala ya taimingi belti, lakini ukiijaza watu saba na mzigo juu, kulipita lori barabara ya Shinyanga kunahitaji subira na macho. Anayesafiri mara kwa mara achukue 4.0.

Hatua ya 4: Uliza limetoka nchi gani

V8 za soko la Japani zote ni petroli. Prado 150 za Japani nazo zilikuwa petroli hadi 2015, ilipoingia dizeli ya 2.8. Dizeli hiyo inatumia AdBlue, maji ya kusafisha moshi yanayowekwa kwenye tangi lake. Yakiisha ukazima gari, haliwaki tena. Ina pia chujio la moshi linaloziba gari likiishi kwa safari fupi za Kirumba na Soko Kuu.

Dizeli nyingine za usukani wa kulia zinatoka Uingereza. Huko barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo ingia chini ya gari na nyundo ndogo. Gonga chesisi kuanzia tairi la nyuma kurudi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi na vumbi jekundu. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu ni onyo tosha.

Ushuru pigia kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kulipa chochote. Injini zote hizi zimevuka cc 2,000, kundi ni moja. Kinachokuumiza ni thamani ya gari na umri. Likivuka miaka 8 kuna nyongeza, likivuka 10 inapanda tena.

Hatua ya 5: Tairi

Prado: 265/65R17, sawa na Hilux nyingi, kwa hiyo unazipata hata Geita. V8 yenye 285/60R18, nunua na spea nzima kabisa.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Nyegezi: Mkuu, kwa bei ya Prado ya 2014 napata V8 ya 2009. Kwa nini nisichukue kubwa?

Jibu: Chukua kama umebakiza fedha za kuirudisha kwenye hali yake. Angalia tangi la juu la rejeta kama lina ufa, na pampu ya maji kama ina ukoko wa pinki. Ikiwa ZX (toleo la juu la V8), washa, pandisha na shusha gari kwa swichi: likikataa au likipanda upande mmoja, mfumo wa majimaji wa shokapu umechoka, na huo ni ghali.

Mdau wa Buhongwa: Nimepata Prado 120 (ile iliyotangulia 150) ya dizeli 3.0. Asubuhi inagonga dakika mbili halafu inatulia.

Jibu: Anzia kwenye nozeli zinazopuliza dizeli, kaka. Washa (pete) za shaba chini yake zikivujisha, masizi yanaingia kwenye oili na kuziba chujio la kunyonyea ndani ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Injini inakosa oili inakufa. Mwambie fundi afungue sampo alitazame lile chujio. Washa zibadilishwe zote nne. Oili kama lita 7, kila kilomita 5,000. Na uliza taimingi belti ilibadilishwa lini, mwisho wake ni kilomita 150,000.

Mdau wa Pasiansi: Tuko wanne, na mama mkwe anakuja Krismasi tu. Gari linashinda mjini.

Jibu: Dada, kwa hali hiyo hata Prado ni kubwa. Tafuta Toyota Kluger yenye siti saba. Siku ya kwenda Ukerewe mpite Kisorya taratibu, na kwenye mlango wa kivuko abiria washuke ili gari lisisugue tumbo.