Jinsi ya kusoma rekodi ya mchezaji wa hoki ya barafuni kutoka Ufini

Kwa shabiki wa Nairobi aliyezoea kuhesabu mabao ya Ligi Kuu, safu za kuangalia ni nne: mechi, mabao, pasi za bao na pointi. Pointi ni mabao kujumlisha pasi za bao. Bao moja huweza kuandikiwa watoa pasi wawili, kwa hiyo usishangae pasi zikizidi mabao.

Mchukue Teemu Selänne, msimu wa 1992–93, timu ya Winnipeg Jets ya Kanada: mechi 84, mabao 76, pasi 56. Jumla 132. Igawanye kwa mechi upate 1.57, hicho ndicho kipimo cha haki, maana majeraha hula mechi. Ulikuwa msimu wake wa kwanza NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, na hakuna mchezaji mpya mwingine aliyefikia mabao hayo 76. Ajabu kweli!

Wengi hukosea kwa kuchanganya ligi. Mabao aliyofunga akiwa na klabu ya Jokerit, Helsinki, hayaingii kwenye ya NHL, wala ya mchujo kwenye ya msimu wa kawaida.

Ukitaka kutazama: saa moja jioni New York, majira ya baridi, ni saa tisa usiku Nairobi.