Umeitwa TUM kusomea uinjinia? Fanya hivi usipotee

Wale mmeitwa TUM, yaani Technical University of Mombasa, na hamjawahi kukanyaga Mombasa, karibuni, ila kwanza kabla hujabeba hata godoro toa ile barua usome umepangiwa kampasi gani, manake watu wakiona tu neno Mombasa wanakurupuka. Kuna Tudor, Kwale na Lamu. Uinjinia kitovu chake ni Tudor, karakana ziko hapo. Kama ni Kwale unavuka feri ya Likoni kisha matatu ya Kwale inayokata Kombani, usije ukadandia ya Ukunda ukasinzia. Lamu nayo ni basi mpaka Mokowe, hio hesabu siku nzima.

Ukishuka Mwembe Tayari tafuta tuktuk ama matatu ya Tudor, mwambie dereva "Poli" basi. Ukimtajia Technical University of Mombasa kwa urefu wake atakuelewa, lakini nauli nayo itarefuka.

Hilo Poli ni la tangu 1972, ilipokuwa Mombasa Polytechnic. Kabla ya hapo, kuanzia 1966, iliitwa Mombasa Technical Institute, na mwanzo kabisa ni MIOME, yaani Mombasa Institute of Muslim Education, iliopokea wanafunzi wa kwanza 1951, vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki waje wafunzwe ufundi, pesa zikichangwa na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora (jamii ya Waislamu wenye asili ya Kihindi) na serikali ya mkoloni. 2007 ikawekwa chini ya JKUAT, chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, kama chuo kishiriki, 2013 ikapata chata yake ya kuwa chuo kikuu kamili. Kwa hivo ukiona cheti cha babu kimeandikwa MIOME na cha mjomba Mombasa Polytechnic usibishane nao, skuli ni hiohio.

Sasa hapa ndio wengi huteleza. Angalia jina la kozi yako herufi kwa herufi. Digrii ya uinjinia wenyewe unaenda kusajiliwa na EBK, bodi ya mainjinia Kenya, na wao huangalia kozi moja moja, si chuo kizima, kwa hivo ingia kwa orodha yao utafute kozi yako wewe, si ya rafikiyo. Ikiwa imeandikwa Technology, bodi yako ni KETRB, ile inayosajili wanateknolojia na mafundi wa uinjinia, iliotokana na sheria ya 2016, na wala si kozi ya waliofeli, usidanganywe, kazi ni nyingi tu bandarini na viwandani. Ila ulijue hilo sai, sio mwaka wa nne ushanunua joho.