Kijiti, kokoto na jua la Dodoma

Kama una mtoto wa chekechea au darasa la kwanza, na jua linawaka, vifaa vya somo unavyo tayari. Simika ufito wa mita moja uani, umesimama wima, mahali ambapo kivuli cha mwembe hakifiki. Kuanzia saa 4 asubuhi, kila baada ya nusu saa mtoto aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli, kisha akipime kwa shibiri zake mwenyewe. Usimpe rula mapema. Akianza kubishana na dada yake kwamba shibiri zao hazilingani, hapo ndipo rula inapata maana.

Kabla ya kila kokoto muulize, "Unadhani sasa kitafika wapi?" Akikosea nyamaza tu, kivuli kitamsahihisha.

Linaloshangaza hata wakubwa ni hili: hapa Dodoma kivuli kifupi kuliko vyote hakitokei saa 6 kamili. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 36, kwa hiyo kwa wastani jua hutuchelewa dakika 37 hivi. Mwezi Juni kivuli hicho huwa kama sentimita 57, kikielekea kusini. Desemba huwa kama sentimita 31, kikielekea kaskazini. Karibu na tarehe 5 Machi na 8 Oktoba kinakaribia kupotea kabisa. Mimi ningechagua Oktoba, maana Machi mawingu husumbua.

Kofia kichwani, maji ya kunywa karibu, na jua lenyewe asilitazame kamwe.