Stempu za farasi: namna ya kuanza mkusanyo wako

Hatua ya 1: Chagua farasi wako

Ukisema unakusanya farasi wote, utafilisika. Kuna wa mbio, wa vita, wa kulimia, na wafalme wasiohesabika waliopanda migongoni. Mimi nimejifunga kwa farasi waliobeba barua. Stempu ya Marekani ya senti 2 ya mwaka 1869, yenye tarishi akipiga mbio, bado naivizia. Zile za kumbukumbu ya Pony Express, huduma ya zamani ya Marekani ya kupeleka barua kwa farasi, senti 3 ya 1940 na senti 4 ya 1960, hupatikana kwa bei ndogo sana.

Kama huna haraka ya kuchagua, anza na seti ya Uingereza ya tarehe 5 Julai 1978. Ni nne tu, kila moja na aina yake ya farasi: Shire, Shetland, Welsh na Thoroughbred. Ukizipata, umemaliza ukurasa mzima. (Pundamilia? Nimempa ukurasa wake. Wapo wanaobisha.)

Hatua ya 2: Vifaa

Kibano chenye ncha bapa, kisichokwaruza, lenzi, albamu ya mifuko ya plastiki, bakuli. Vidole viweke mbali, jasho na mafuta huacha madoa.

Hatua ya 3: Loweka

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kata bahasha kuizunguka stempu, acha ukingo wa kidole kimoja, meno ya pembezoni mwa stempu yasiguswe na mkasi. Tia kwenye maji ya uvuguvugu, picha ikitazama juu, kisha nenda kafanye kazi nyingine kama robo saa. Usiibandue. Gundi ikilainika, stempu huteleza yenyewe. Ikigoma, iongezee muda. Ikishatoka, pitisha kidole taratibu mgongoni mwake (hapa tu ndipo kidole kinaruhusiwa) mpaka utelezi uishe, halafu ilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Itajikunja ikikauka, usishtuke. Ibane ndani ya kitabu kizito usiku kucha.

Bahasha ya rangi iloweke peke yake. Niliwahi kuchanganya moja nyekundu na nyingine sita. Farasi wangu mweupe akatoka wa waridi, na yuko hivyo hadi leo. Stempu za kisasa zinazojibandika kama stika nyingi hazitoki kwa maji: ziache na kipande cha bahasha.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kununua

Igeuze kwanza. Inue kwenye mwanga: sehemu inayong'aa kuliko nyingine imebanduliwa vibaya, karatasi imechunika. Hesabu meno ya kona zote nne.

Utakutana pia na farasi wa kupendeza wa Ajman, Fujairah na majirani zao, falme ndogo za Ghuba ya Uarabuni, wa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Nyingi ya stempu hizo zilichapwa kwa ajili ya wakusanyaji. Dalili yake: muhuri umekaa sawasawa kwenye kona, na nyuma gundi ni nzima. Barua gani hiyo iliyosafiri bila stempu kulambwa? Nunua kama umependa picha, ila usilipe bei ya stempu adimu.

Hatua ya 5: Tunza

Kwa sisi wa pwani, adui ni unyevu. Albamu isimame wima, isilale chini ya nyingine, maana stempu mpya zenye gundi hushikana na ukurasa. Vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, usivitupe. Viwili kwenye kabati vinatosha kuanzia.