Kupanga E. coli wa mkojo katika makundi ya kijeni kwa PCR ya Clermont

E. coli ndiye anayesababisha sehemu kubwa ya UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), na wanaopanda hadi figo wengi wao ni wa kundi B2, mojawapo ya makundi ya kijeni yanayoitwa kwa herufi A, B1, B2, C, D, E na F. Kipimo alichokichapisha Clermont na wenzake mwaka 2013 ni PCR, yaani njia ya kunakili vipande vya DNA hadi vionekane, na kinatafuta vipande vinne ndani ya tyubu moja. Kinafaa kwa ufuatiliaji na utafiti. Hakichukui nafasi ya kipimo cha usugu wa dawa.

Anza na koloni moja safi. Mkojo uliochelewa kufika maabara bila friji huotesha mchanganyiko. Toa koloni moja kwenye sahani ya CLED au MacConkey (vyakula vya kuoteshea bakteria), ioteshe upya usiku kucha kwa nyuzi 37, kisha hakikisha kipimo cha indoli, kinachosaidia kumtambua E. coli, ni chanya. Ukiruka hapa, A na B2 waliochanganyika wanaweza kukupa kwenye jeli mistari yote minne (mmoja kwa kila kipande), ukabaki unahangaika na kundi ambalo halipo.

Koroga koloni kwenye mikrolita 200 za maji safi ya PCR, chemsha nyuzi 95 kwa dakika 10, kisha zungusha kwenye sentrifuji kwa kasi ya 12,000 kwa dakika 5. Chukua maji ya juu tu. Yakibaki meupe kama maziwa umechota koloni kubwa mno, na uchafu wake huzuia polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA. Punguza kwa maji mara 10.

Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili) ni hizi, kila jozi na urefu wa kipande chake kwa jozi za besi:

chuA (288): ATGGTACCGGACGAACCAAC, TGCCGCCAGTACCAAAGACA
yjaA (211): CAAACGTGAAGTGTCAGGAG, AATGCGTTCCTCAACCTGTG
TspE4.C2 (152): CACTATTCGTAAGGTCATCC, AGTTTATCGCTGCGGGTCGC
arpA (400): AACGCTATTCGCCAGCTTGC, TCTCCCCATACCGTACGCTA

Zikiwa na ukali wa mikromola 100, changanya mikrolita 10 za kila praima, isipokuwa mbili za arpA ambazo huwekwa 20 kila moja. Unapata mikrolita 100 kamili, bila kuongeza maji. arpA hupewa maradufu kwa sababu kipande chake ndicho kirefu kuliko vyote na hushindwa mapema. Ukisawazisha vipimo, mstari wa 400 unafifia na utamsoma D kama F.

Kila tyubu: masta miksi ya 2x (polimerasi na viambato vyake vilivyokwisha kuchanganywa) mikrolita 10, mchanganyiko wa praima 2, DNA 2, maji 6. Mashine: nyuzi 94 dakika 4, kisha mizunguko 30 ya nyuzi 94 kwa sekunde 5 na nyuzi 59 kwa sekunde 20, mwisho nyuzi 72 dakika 5. Polimerasi ikiwa ya polepole, ongeza sekunde 30 za nyuzi 72 katika kila mzunguko.

Weka daima kontroli tatu: K-12 na CFT073, aina mbili za E. coli zinazojulikana, na tyubu ya maji. K-12 hutoa arpA na yjaA. CFT073 hutoa chuA, yjaA na TspE4.C2. Wawili hao wanakagua praima zote. Tyubu ya maji ikitoa mstari wowote, tupa majibu ya siku hiyo yote.

Tumia jeli ya agarosi 2% na lada ya 100 (DNA ya kupimia urefu wa vipande). Jeli ya 1% haitenganishi vizuri 152 na 211.

Kusoma kwa mpangilio wa 2013: arpA peke yake ni A, arpA na TspE4.C2 ni B1; chuA peke yake ni F. chuA bila arpA, pamoja na yjaA au TspE4.C2 au zote mbili, ni B2. Majibu mengine hayajaisha: arpA na yjaA ni A au C, na arpA na chuA bila yjaA ni D au E, iwe TspE4.C2 ipo au haipo. Hapo fanya PCR ya pili, ya praima za C kwa nyuzi 59 au za E kwa nyuzi 57. Mtu akiandika D bila hatua hii, amekisia.

Hakuna mstari hata mmoja? Usikimbilie kuandika "haijulikani". Rudia ukiwa umeongeza praima za trpA, kontroli ya ndani inayotoa kipande cha 489. Isipotokea, DNA yako ndiyo mbovu.